Wasini kwa hesabu ya mwezi

Anayepanga safari ya Wasini kwa kalenda ya ukutani hukosea kabla hajafunga mkoba. Hutafuta Jumamosi iliyo wazi, huomba ruhusa kazini, hulipia boti, kisha hufika akaambiwa kwamba ule mchanga mweupe wa Kisite aliouona pichani leo hautatoka majini. Au huambiwa boti haiwezi kusogea ufukoni, apandishe suruali na kupita topeni. Lawama humwendea nahodha, na nahodha hana kosa. Mgeni hakuuliza mwezi ni wa ngapi.

Kisiwa chenyewe ni kirefu na chembamba, kilomita tano na ushei kwa moja hivi, kimelala mbele ya Shimoni katika Kaunti ya Kwale, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Vijiji vyake vikubwa ni viwili: Wasini, unaotazamana na Shimoni, na Mkwiro, upande wa mashariki. Gari hakuna, kuna vichochoro, mibuyu na mawe ya matumbawe yanayokata kama kisu. Kusini yake viko visiwa vidogo vya Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini, na mbele zaidi kipo Kisite, ambako wageni wengi huenda kutazama samaki.

Hesabu ya maji si ngumu. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na tena jioni, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza dakika hamsini hivi. Mwezi nne, kwa mfano, yaani siku ya nne tangu mwezi kuandama, umeongeza mara tatu, yaani saa mbili na nusu, basi maji yatajaa kwenye saa kumi na mbili unusu asubuhi. Ukifika mwezi saba au nane, na tena ishirini na mbili, mambo yamegeuka: maji hujaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni. Siku za mwanzo zile ni za bamvua, ambapo kati ya kujaa na kupwa bahari huweza kushuka karibu mita nne. Hizi za pili ni maji mafu, bahari hupanda na kushuka mita moja na kitu tu. Bamvua kali haiji siku ya mwezi wenyewe. Hukawia siku moja au mbili, hivyo mwezi pili, tatu, kumi na sita na kumi na saba ndizo siku zake. Kalenda yoyote yenye tarehe za Kiislamu inatosha kwa kazi hii, na ukitaka dakika kamili, jedwali la maji la bandari ya Mombasa linafaa hata kwa Shimoni.

Sasa chagua unachokitaka, kwa sababu huwezi kupata vyote siku moja. Bamvua hufunua fungu la mchanga la Kisite na mwamba mzima wa ufukoni, huwaleta wavuvi wa pweza, na kwa bahati njema maji hupwa asubuhi, wakati ambao boti za watalii ziko nje. Ubaya wake ni mkondo. Maji yanayoshuka mita nne kwa saa sita hayaendi polepole. Katikati ya safari hiyo, yaani saa tatu baada ya kujaa, mtu asiyejua kuogelea vizuri hupelekwa mbali na boti kabla hajamaliza kurekebisha miwani. Maji mafu hayana mchanga wa kupiga picha, lakini bahari imetulia, huonekana chini vizuri zaidi, na gatini unapanda na kushuka bila taabu. Kwa mwenye watoto, mwenye mzee, au anayetia uso majini kwa mara ya kwanza, mwezi sita hadi tisa au ishirini na moja hadi ishirini na nne ni siku bora kuliko zote. Ukiwa umebanwa na ratiba na siku yako imeangukia bamvua, basi mwambie nahodha unataka kuwa Kisite maji yakiwa yamesimama, ile nusu saa ya mwisho wa kupwa kabla hayajaanza kurudi. Nahodha akisikia hivyo hujua anazungumza na mtu.

Upepo ni hesabu ya pili. Kaskazi, kuanzia Novemba au Disemba hadi Machi, ndio msimu wa maji safi. Masika ya Aprili na Mei huchafua bahari kwa maji ya mito. Kusi hushika nguvu Juni hadi Agosti. Mlango wa bahari kati ya Shimoni na kisiwa hubaki na kinga, lakini ukishapita ncha ya Wasini mawimbi ya bahari kuu yanakungoja. Asubuhi za kusi huwa nafuu kuliko alasiri, kwa hiyo boti iondoke saa mbili, si saa nne. Nahodha akisema leo haendi, usimwongezee pesa ili abadili mawazo. Msimu huo mbaya una zawadi yake: kati ya Julai na Septemba nyangumi hupita wakitoka baridi ya kusini kuja kuzalia huku.

Njia ya kufika ni nyepesi. Kutoka Mombasa unavuka feri ya Likoni, unapanda matatu ya Lungalunga, unashuka Kanana, kisha bodaboda au tuktuk hukupeleka Shimoni, kama kilomita kumi na tano. Ziko pia matatu za moja kwa moja toka Likoni, ila hungoja kujaa, na ukizitegemea asubuhi utafika boti zimeshaondoka. Mwenye gari anaweza kuikwepa feri kwa kupita Dongo Kundu. Wanaotaka kutoka gatini saa mbili asubuhi hulala Shimoni au Wasini usiku wa kuamkia safari. Kutoka Mombasa alfajiri ni kamari ya foleni.

Pesa za mkononi toa Ukunda. M-Pesa inakubalika karibu kila mahali, lakini mtandao kisiwani una siku zake, na mama anayeuza kaimati hatakusubiri upande juu ya jiwe kutafuta mawimbi. Kiingilio cha hifadhi ya Kisite-Mpunguti ni jambo jingine kabisa: hulipwa kwa Shirika la Wanyamapori kupitia mfumo wa malipo wa serikali, si kwa noti mkononi mwa mtu. Beba kitambulisho, kwa kuwa bei ya raia, ya mkaazi na ya mgeni wa nje ni tofauti, na bila kitambulisho raia hulipishwa kama mgeni. Bei hubadilishwa, hivyo tazama ya siku hiyo mwenyewe.

Mzozo mwingi wa Shimoni hutokana na neno moja: “kila kitu.” Mtu huambiwa, ufukoni Diani au kwenye steji, kwamba bei ni ya kila kitu. Kwa wakala, kila kitu ni boti na chakula. Kwa mgeni ni boti, chakula, kiingilio cha hifadhi, miwani ya kuzamia, bustani ya matumbawe na pango la Shimoni. Uliza kimoja kimoja, na uliza kabla ya kutoa shilingi. Uliza pia mtakuwa wangapi ndani, kama jaketi za kujiokoa zipo za kutosha pamoja na za watoto, na kama mtarudi Wasini kula au mtakula juu ya boti. Lipa malipo ya awali madogo, mengine mkirudi. Anayetaka kuvuka tu kwenda kijijini hana haja ya kukodi: boti ya abiria huondoka ikijaa, huchukua dakika kumi na tano hadi ishirini, na nauli yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya kukodi. Kaa gatini, salimia, uliza boti ya mwisho yaondoka saa ngapi jioni. Wasiouliza swali hili hulala kisiwani bila kupenda.

Juu ya boti, bahari hulevya zaidi waliokaa mbele na walioinama kutazama simu. Kaa katikati au nyuma, tazama ardhi ya mbali, na usije na tumbo tupu wala lililojaa viazi karai. Mahamri mawili na chai ya tangawizi yatosha. Pomboo huonekana zaidi asubuhi. Hapa ndipo utamjua nahodha mzuri: hupunguza injini mapema, huwaendea kwa ubavuni, na huwaacha wao waje. Nahodha anayewakata mbele au kuwafukuza atawaona mara moja tu, kisha watazama na kuibukia kwingine. Wageni wenyewe ndio huwachochea manahodha kwa makelele ya “twende pale, twende pale”.

Hifadhi ina sehemu mbili. Kisite, kilomita za mraba 28, hairuhusiwi kuvuliwa chochote; Mpunguti, kilomita za mraba 11, wenyeji huruhusiwa kuvua kwa zana za asili. Tofauti unaiona ukitia uso majini: kule kusikovuliwa, changu na tafi hawakukimbii. Matumbawe yenyewe yameumia. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, na pigo jingine la joto lilikuja 2016. Kwa hiyo usikanyage yaliyobaki. Boti ifungwe kwenye boya, isitupe nanga juu ya mwamba. Ukiona nanga imeinuliwa kutupwa, una haki ya kusema.

Miwani ya kuzamia huvuja kwa sababu chache tu. Ijaribu ukingali nchi kavu: iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, iachie. Ikishika, ni saizi yako. Ikianguka, omba nyingine. Unywele mmoja ukibanwa pembeni maji yataingia, na ushungi vilevile, kwa hiyo usukume nyuma ya ukingo wa mpira. Sharubu nene hupakwa mafuta mazito kidogo. Mkanda ukikazwa sana huvuja zaidi, si kidogo, maana huupinda mpira. Mate ndani ya kioo, suuza, ukungu hauji. Wanaooga na nguo wavae suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu; leso na buibui hunywa maji, huwa nzito na huzonga miguu. Fulana hiyo pia ni kinga ya jua bora kuliko mafuta yanayoishia majini.

Ukishuka penye mchanga, kokota miguu badala ya kuinyanyua, ili samaki taa aliyejifukia asikie mtetemo na kuondoka. Kwenye mwamba vaa viatu, si ndara, kwa ajili ya wale wadudu weusi wenye miba mirefu. Mwiba wao ukiingia haufai kuchokonolewa kwa sindano palepale. Hukatikatika na kubaki ndani. Wenyeji hupaka utomvu wa papai na kuuacha. Mwiba wa taa ni habari nyingine: tia mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua, kisha nenda hospitali.

Chakula cha mchana Wasini ni kaa, samaki wa kupaka, wali wa nazi, ndimu na pilipili. Agiza kabla hamjaenda Kisite, kwa sababu hapana friji kubwa la kuhifadhi mambo, na kaa wa watu kumi hapatikani kwa nusu saa. Kaa huvunjwa kwa gongo la mti juu ya kibao. Gonga gando kwa upande, pigo moja la wastani. Anayepiga kwa nguvu zote hula vipande vya gamba. Baada ya kula watu wa boti hupenda kupumzika, na wageni hulala juu ya majamvi. Huo ndio wakati wa kuingia kijijini.

Ingia kwa salamu. Shikamoo kwa aliyekuzidi umri, hodi kwenye ua wa mtu hata kama hauna mlango. Ni kijiji cha Waislamu tangu zama za kale. Magoti na mabega yafunikwe, vazi la kuogelea libaki kwenye boti, pombe isionekane. Ijumaa mchana mambo husimama hadi swala iishe, na Ramadhani usile ukitembea njiani. Kupiga picha za watu, omba. Kina mama wengi watakataa, na kukataa kwao hakuhitaji maelezo. Maji matamu yatumie kwa adabu. Kisiwa hakina mto, na kwa vizazi maji ya kunywa yametegemea mvua inayokusanywa kwenye majabia na madumu yanayovushwa kutoka bara. Anayejimwagia ndoo tatu kuondoa chumvi mwilini ameoga maji ya siku nzima ya mtu mwingine.

Wenyeji ni Wavumba, na Kivumba chao ni lahaja yenye ladha yake. Mswahili wa mjini ataelewa lakini ataachwa nyuma hatua mbili. Mji wao wa zamani, Vumba Kuu, ulikuwa bara upande wa kusini, na watawala wao waliitwa madiwani. Baadhi ya waongozaji watakwambia jina Wasini latokana na Wachina, “wa Sini”, na watakuonyesha mahali pa vigae vya kaure. Vigae vya kaure vimepatikana katika miji mingi ya kale ya pwani hii kwa sababu ya biashara. Havitoshi kuthibitisha jina. Sikiliza kwa furaha, usibishane.

Nyuma ya kijiji iko bustani ya matumbawe inayoendeshwa na kikundi cha kina mama. Ni uwanja wa matumbawe ya kale, yaliyobaki nchi kavu bahari iliposhuka, yamesimama kama vichuguu vya kijivu kati ya mikoko, na njia ya mbao imepita juu yake. Kiingilio ni kidogo na kinabaki kijijini. Hapa pia mwezi una neno: maji ya bamvua yakijaa hupita chini ya mbao na matumbawe husimama majini, sura ambayo mgeni wa maji mafu haioni. Basi mwenye siku ya bamvua aje huku saa kumi jioni, si saa sita. Mwombe mama anayekuongoza akutofautishie mikoko kwa jina. Mkoko wenyewe husimama kwa mizizi ya juu kama mwamvuli, mchu hutoa vidole vya mizizi toka topeni na majani yake yana chumvi ukiyalamba, na mkandaa gome lake ni la rangi. Atakuonyesha pia mboga pwani, jani nene dogo la chumvi linalotambaa. Likipikwa huchemshwa na maji yake kumwagwa, kisha huungwa kwa nazi. Chumvi ya kuongeza haihitajiki. Mbao za njia huoza haraka kwa maji ya chumvi, hivyo kanyaga penye misumari, ambako ubao umelala juu ya mhimili.

Anayetaka kufika Mkwiro kwa miguu atenge saa moja na nusu, aanze jua likiwa limepoa, abebe lita moja na nusu ya maji na avae viatu vya kufunika vidole. Njia hugawanyika vichakani. Kijana wa kukuongoza ni rahisi kuliko kupotea.

Pango la Shimoni liache mwisho, ukisharudi bara. Linasimamiwa na wanakijiji. Ngazi zina unyevu na popo ni wengi, basi viatu vya kushika na tochi isiyo ya simu, maana simu ikianguka kwenye kinyesi cha popo hakuna atakayeiokota. Ndani utaonyeshwa vyuma ukutani na kisima, na utaelezwa jinsi watumwa walivyofichwa kungoja majahazi ya Unguja, hasa baada ya soko la Unguja kufungwa mwaka 1873. Simulizi za mdomo ndizo shahidi mkuu hapa. Muulize mwongozaji yapi aliyapata kwa babu na yapi kwenye ubao wa maelezo; wengi wao hupenda swali hilo na humo ndimo hutoka mambo mazuri: kwamba pango lilikuwa pia kimbilio wakati wa mashambulizi ya kutoka bara, na kwamba lina mahali pa tambiko pasipochezewa. Usichukue jiwe.

Waliolala kisiwani siku ya bamvua waamke mapema na wateremke ufukoni saa tatu, maji yakiwa yanamalizikia. Wavuvi wa pweza watakuwa mwambani, mti mkononi, wakitazama mashimo yenye maganda ya kombe yaliyopangwa mlangoni, alama ya mwenye nyumba. Fuata nyuma, si mbele. Kivuli chako kikipita juu ya shimo, pweza hujikaza ndani na kazi huwa ya nusu saa. Ukitaka kununua, nunua hapo mwambani kabla mchuuzi hajafika na mizani, na mwombe muuzaji akupigie kabisa juu ya jiwe, mpaka mikono ilegee. Asipopigwa atatafunwa hadi jioni. Kufikia saa tano maji yameshageuka, na wote hutoka pamoja bila kuambiana.